MGODI HUUZWA, WATU HAWAUZWI

Mwaka 2025 mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ulipata mwenye mpya. Kampuni ya Petra Diamonds, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la London, ilitangaza Januari mwaka huo kwamba inauza fungu lake lote kwa Pink Diamonds Investments, kampuni yenye uhusiano na kundi la Taifa, kwa bei isiyozidi dola milioni 16. Serikali yetu ilibaki mwenye hisa. Huko London wenye mali walihesabu faida na hasara yao, wakafunga kitabu. Sisi twataka kuhesabu yale ambayo hayakuwamo kitabuni, kwa maana yanawahusu wananchi wa Shinyanga na Geita kuliko yanavyomhusu bwana yeyote aliyeko ng'ambo.

Kampuni inaponunuliwa, au inapounganishwa na nyingine, kinachohama siku ile ni karatasi. Mazoea ya kazi hayahami. Nyapara ni yule yule, mlinzi wa geti ni yule yule, hofu ya kibarua ni ile ile, na ahadi walizopewa wanakijiji zimo vichwani mwao hata kama hazimo katika mkataba. Mwenye mpya asiyejishughulisha na hayo tangu siku ya kwanza atatawala ofisi tu. Mgodi utatawaliwa na mazoea ya zamani, na lawama zitakuwa zake.

Mwadui imezoea kuuzwa. Dr. John Williamson, Mkanada, aligundua almasi pale mwaka 1940, akauendesha mgodi kama mtu aendeshavyo shamba lake. Hatumsifu bwana yule. Mji wake ulizungushiwa seng'enge, na ndani yake Mwafrika alijua mahali pake palikuwa wapi. Lakini kibarua wa mwaka 1957 aliweza kumwonyesha mtoto wake kwa kidole: yule pale ndiye tajiri. Williamson alikufa Januari 1958, na mwaka ule ule jamaa zake waliomrithi waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Tangu hapo tajiri hakuwa na sura tena. Miaka ya mwanzo ya 1970 mgodi ukawa mali ya taifa. Katikati ya miaka ya 1990 De Beers ikarudi na asilimia 75. Mwaka 2009 ikaziuza asilimia hizo kwa Petra kwa dola milioni 10. Mwaka 2021 ukafanywa mkataba wa kupandisha fungu la serikali kutoka asilimia 25 hadi 37, kisha ukaja uuzaji wa 2025. Mzee aliyezaliwa Maganzo mwaka 1955 amewaona wenye mgodi wakipokezana mara tano, naye hajahama nyumba. Na katika mara zote hizo tano, ni nani aliyekwenda Maganzo kumweleza mzee yule kinachotendeka kabla hakijatendeka?

Mnunuzi hupewa orodha ya mitambo, madeni, leseni na akiba ya mawe. Hapewi orodha ya desturi. Haelezwi mlinzi wa usiku humfanya nini kijana anayemkuta na chekecheo ndani ya mpaka. Haelezwi kama msimamizi huandika jina la aliyeumia au humrudisha nyumbani kimya kimya ili hesabu ya ajali ibaki nzuri. Wala haelezwi kama fundi wa zamu akiona ufa huthubutu kumwambia mkubwa wake, au huogopa kuonekana mkorofi.

Haya si maneno ya kubuni matatizo. Mei 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 mbele ya mawakili wa Uingereza. Watu hao walidai kwamba walinzi wa mgodi waliwapiga, waliwafungia na kuwaumiza, na wengine walidai kwa ajili ya jamaa zao waliokufa. Kampuni ililipa bila kukubali kwamba ina hatia kisheria. Kisha Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka, tope likafunika mashamba na kuingia majumbani katika vijiji vya jirani. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyeuona ukuta unalegea akanyamaza. Hatuna ushahidi wa jambo hilo. Twasema kwamba mnunuzi wa mgodi kama huu amenunua almasi pamoja na tope, na mlinzi pamoja na rungu lake. Asipochunguza mazoea ya lindo lake juma la kwanza, juma la pili mazoea hayo ni yake.

Tuvuke sasa twende Geita, ambako kuna habari ya namna nyingine. Mgodi wa kwanza wa pale, ule wa wakati wa ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi dhahabu ikabaki kwa wachimbaji wadogo na maduara yao. Kampuni ya Ashanti ya Ghana iliingia kwa njia ya kununua kampuni nyingine zilizokuwa na maeneo: Cluff mwaka 1996 na Samax mwaka 1998. Wengi walifurahi kuona Waafrika wa Ghana wanakuja kuchimba badala ya wale tuliowazoea, na furaha ile ilikuwa halali. Lakini Septemba 1999 bei ya dhahabu duniani ilipanda ghafla. Ashanti ilikuwa imefunga mikataba ya kuuza dhahabu ya kesho kwa bei ya jana, na kwa sababu hiyo, ajabu ya mambo ya fedha, kupanda kwa bei ya dhahabu kulitaka kuifilisi kampuni ya dhahabu. Basi mwaka 2000, mwaka ule ule ambao mgodi mpya wa Geita ulianza kazi, nusu yake iliuzwa kwa AngloGold ya Afrika Kusini kwa dola milioni 205 ili madeni yalipike. Mfanyakazi wa Geita hakukosa lolote. Jiwe lake lilikuwa zuri na mitambo yake mipya. Aliuzwa tajiri wake kwa sababu ya karata zilizochezwa mbali naye.

Mwaka 2004 Ashanti na AngloGold zikaungana, na Geita nzima ikawa chini ya AngloGold Ashanti. Jina la Ghana lilihifadhiwa. Sam Jonah, aliyeiongoza Ashanti kwa miaka mingi, alipewa cheo cha rais wa kampuni mpya, lakini usukani ulibaki mikononi mwa Bobby Godsell wa AngloGold, na mwaka uliofuata Jonah aliacha kazi ile ya utendaji. Twataja jambo hili kwa sababu lina mafunzo. Muungano wa kampuni hutangazwa kama ndoa ya walio sawa, hali mmoja ndiye mwenye nyumba. Walio chini hutambua upesi kuliko walio juu ni yupi mwenye nyumba. Hutazama tu barua za vyeo zinatiwa saini na nani, wakajua nani wa kumsalimu na nani wa kumkwepa.

Hapo ndipo lugha nayo inapoingia. Geita walikuja wataalamu kutoka Ghana wenye desturi za Obuasi, na wengine kutoka Afrika Kusini wenye desturi za migodi ya huko. Katika migodi ya Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, wakubwa walitumia lugha iitwayo Fanagalo, ambayo kazi yake ilikuwa kuamrisha: chukua, leta, sukuma. Sisi tunayo lugha ya kuamrisha na ya kushauriana pia, ya kuapa na ya kusamehe. Mgodi wowote wa Tanzania, awe tajiri wake nani, hauna udhuru wa kutangaza mabadiliko makubwa kwa barua ya Kiingereza iliyobandikwa karibu na mlango wa kantini. Mtu asomewe kwa Kiswahili habari ya riziki yake, tena apewe nafasi ya kuuliza.

Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama, ndiko majina yamebadilika kuliko kote. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa pale kupisha kampuni iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi ukaanza kutoa dhahabu. Mwaka 2010 migodi ya Barrick nchini ikawekwa chini ya African Barrick Gold, yenye makao London. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikajiita Acacia, yaani mgunga, mti ambao mchunga ng'ombe wa Kahama anaujua miiba yake kuliko wakurugenzi wote. Walisema jina jipya ni mwanzo mpya. Lakini nani Bulyanhulu alisahau mwaka 1996 kwa kuwa bango limebadilishwa? Nani alisahau mgomo wa Oktoba 2007, ambao baada yake wafanyakazi wengi walipoteza kazi? Ulipofika mwaka 2017, serikali ikazuia makinikia yasisafirishwe nje na kamati za maprofesa Mruma na Osoro zikatoa taarifa zao, kampuni ile yenye jina la mti wetu ilionekana haina mizizi hapa. Mgodi ukapunguzwa kazi, na walioumia kwanza ni wachimbaji, madereva na mama lishe.

Haki ni kusema pia lililo jema. Barrick iliungana na Randgold mwanzoni mwa mwaka 2019, ikaongozwa na Mark Bristow, na Septemba mwaka ule ikanunua hisa za Acacia ambazo haikuwa nazo. Makao ya London yakafungwa. Ikaundwa kampuni ya Twiga, serikali ikapata asilimia 16, na Januari 2020 mkataba ukatiwa saini, pamoja na makubaliano kwamba faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu. Chini ya utaratibu huo Watanzania wengi zaidi walipewa madaraka ya kweli, na Bulyanhulu ikarudi kazini. Kwa maoni yetu tofauti kubwa haikuletwa na jina la Twiga, ingawa ni jina zuri. Ililetwa na kusogeza uamuzi karibu na shimo. Mkuu anayelala kilomita chache kutoka mgodini husikia mambo ambayo hayaandikwi katika taarifa ya mwezi.

Wasukuma walilijua jambo hili kabla ya kampuni yoyote kuandikishwa. Vijana wa kijiji walipokwenda kulima kwa pamoja walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale. Heshima yake haikutoka katika kiti. Naye alikuwa shambani pamoja nao, na wenziwe walijua kama mkono wake unafanya kazi au hapana. Hatusemi meneja wa leo ashike sururu, kwa kuwa kazi yake ni nyingine. Twasema wanaoongozwa wawe na njia ya kumpima, na ajue kwamba anapimwa.

Na kwa habari ya kuunganisha vitu viwili vyenye historia mbili, hapa nyumbani tunao mfano ambao haukutoka katika vitabu vya biashara. TANU na Afro-Shirazi vilikuwa vyama viwili, kila kimoja na mashujaa wake, nyimbo zake, na namna yake ya kufanya mikutano. Havikuunganishwa kwa saini ya wakubwa wawili usiku mmoja. Wazo lilitolewa mwaka 1975, wanachama wakaulizwa katika matawi yao, na kamati ya watu 20, 10 kutoka kila upande, chini ya Mzee Thabit Kombo, ikakaa kutunga katiba. Ndipo tarehe 5 Februari 1977 Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Kamati ile haikuhesabu nani ana watu wengi zaidi. Kama ingehesabu, upande wa Bara ungewameza wenzao. Kazi hiyo ilichukua muda na maneno mengi, na si kila mtu aliridhika. Lakini mwanachama wa tawi la mwisho aliulizwa. Ikiwa vyama viliweza kuwauliza mamilioni, kampuni haiwezi kuwauliza watu elfu moja walio ndani ya seng'enge moja?

Wakubwa wa kampuni watatujibu kwamba mauzo ya hisa ni siri mpaka saini itiwe, kwa sababu ya soko. Kwa siku chache, sawa. Lakini tangu kutangazwa mpaka kukamilika hupita majuma na miezi, na Mwadui ilichukua muda wa namna hiyo. Muda ule ndio wa kuzungumza, na aghalabu ndio unaopotezwa kwa uvumi. Kila mtu hujisemea lake: fulani atafukuzwa, hospitali itafungwa, kiinua mgongo kimeliwa. Mafundi hodari ndio wa kwanza kuondoka, maana wao hawakosi pa kwenda.

Katika uvumi huo mfanyakazi yampasa ajue haki yake. Hisa zikibadilisha mikono, mwajiri kisheria ni kampuni ile ile, na mkataba wa kazi haukatiki. Kwa hiyo akija mtu na karatasi mpya yenye masharti hafifu, akasema ya zamani imekufa pamoja na tajiri wa zamani, asisainiwe kitu. Mambo ni mengine ikiwa imeuzwa mali peke yake na kampuni ikaachwa kama ganda. Hapo chama cha wafanyakazi kiamke mapema, kidai malipo yote kabla ganda halijatupwa. Na kama mwenye mpya ataka kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamlazimu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane nao au na chama chao juu ya namna ya kuepuka jambo hilo na namna ya kuchagua wa kuondoka. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, na hesabu haizidi miaka 10. Ni kidogo kwa mtu aliyeacha mgongo wake chini ya ardhi, ndiyo sababu viongozi wa vyama wajadiliane kupata zaidi, badala ya kungoja siku ya kupiga picha na tajiri mpya.

Serikali nayo tuna neno nayo. Kampuni kubwa zinapoungana, Tume ya Ushindani hutazama soko, watu wa kodi hutazama kodi, na Tume ya Madini hutazama leseni. Kila mmoja ana faili lake. Twataka liwepo faili la watu. Mauzo ya mgodi yasipewe idhini mpaka mnunuzi ameweka kwa maandishi ya Kiswahili, katika ofisi ya kila kijiji kinachopakana na mgodi, ni madeni gani ya fidia anayapokea, malalamiko gani yaliyokuwa hayajaamuliwa atayamaliza, na ni nani wa kuulizwa. Serikali ni mwenye hisa Mwadui na Bulyanhulu, kwa hiyo haiombi. Ina kiti katika meza ile. Wale wanaokikalia wasirudi na habari ya gawio tu.

Sasa tuseme lile ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Wamo wanaosema kwamba Mwadui sasa imekwenda kwa wenzetu, kwa hiyo gazeti la wazalendo lisiwasumbue. Nasi twapenda kuona mali ya nchi ikiendeshwa na watu wa nchi. Tumelipigania jambo hili tangu kalamu yetu ilipopata wino. Lakini rungu la mlinzi haliumi kidogo kwa sababu anayelipa mshahara wake ni Mtanzania. Baada ya Azimio la Arusha viwanda vingi vilipata mameneja wa kwetu, na wengine wao waliketi katika viti vya mabwana wa zamani wakachukua na sauti zao. Ndiyo maana TANU ilitoa Mwongozo mwaka 1971, ikawakataza viongozi kiburi na dharau, na wafanyakazi wa Dar es Salaam wakautumia kuwafungia nje baadhi ya mameneja. Wakubwa wengine walikasirika sana. Mwongozo ule haukuuliza meneja ni wa kabila gani wala rangi gani.

Tena wenye Mwadui wa sasa hawana udhuru wa ugeni. Petra ilipokuja mwaka 2009 iliweza kusema haikujua. Kampuni za kundi la Taifa zilikuwa zikifanya kazi za mkataba mgodini kabla ya mauzo haya. Wanalijua shimo, wanawajua manyapara, na wameiona barabara ya Maganzo ikiwa vumbi na ikiwa tope.

Basi twawaomba wafanye jambo moja lililo wazi. Waitishe mkutano nje ya seng'enge, siku isiyo ya mnada, waje wenyewe badala ya kutuma ofisa wa mahusiano. Wawajibu wenye mashamba yaliyofunikwa na tope mwaka 2022: nani anadaiwa nini, na kitalipwa lini. Wawajibu vijana: mlinzi akimkamata mtu ndani ya mpaka, ampeleke wapi, na nani anasimamia kwamba amefika salama. Wawajibu wafanyakazi wa zamu zote: nani alikuwa msimamizi wakati wa tajiri aliyepita, amebaki kwa sababu gani, na akikosea ashitakiwe kwa nani. Majibu yakitufikia tutayachapa yote katika ukurasa huu, neno kwa neno, pamoja na barua za wananchi watakaokuwa na la kuongeza.